5L yangu ya 1999 niiuze nichukue Revo? Jibu refu kidogo

Swali lenyewe nimelifupisha: "Shikamoo fundi. Nipo Makambako, nina Hilux singo kebini ya 1999, injini 5L, inavuta nyuma tu. Nabeba parachichi na viazi kutoka mashambani mpaka barabara kubwa, mara mojamoja nashuka nayo mpaka Morogoro. Shemeji yangu ananisukuma niiuze, niongeze mkopo nichukue Revo dabo kebini, anasema nateseka bure. Kijiweni nako wananiambia gari za siku hizi makopo matupu, nisithubutu. Nani mkweli? Halafu asubuhi inawaka kwa tabu na moshi mweupe kibao, ndo imeshachoka?"

Marahaba mdogo wangu. Hili swali naulizwa gereji karibu kila wiki, na mara nyingi anayeuliza ameshaamua kitambo, anatafuta tu mtu wa kumuunga mkono, wewe angalau umeuliza kabla hujasaini karatasi za benki. Mimi nimeanza kushika pampu za dizeli pale Iringa mjini nikiwa dogo wa kubeba spana, hizo injini za L zote nimezifungua, D-4D, hizi dizeli za turbo na kompyuta, zimenikuta nikiwa tayari fundi, na Revo zimenilazimisha kununua kompyuta nikiwa na mvi. Kwahiyo naongea yale niliyoyashika kwa mkono. Ntakuwa mrefu, nivumilie.

Kwanza tuelewane "za zamani" ni zipi, maana kijiweni wanachanganya kila kitu. Hilux imeanza kutengenezwa 1968, ila zile mimi na wewe tunazoziita za zamani ni hizi zilizotoka 1988 mpaka kama 2004, zenye 2L, 3L, na hiyo 5L yako. Nyingi hazina turbo, hazina kompyuta, pampu ya dizeli inazungushwa na taiming belti na kila kitu kinafanywa na chuma na springi. Kuanzia 2005 ikaja ile tunayoiita Vigo, ndo D-4D hiyo, 2KD ya lita 2.5 na 1KD ya lita 3. Halafu 2015 ikaja Revo na injini za GD, 2.4 na 2.8. Sasa mtu akikwambia "gari za siku hizi" muulize, Vigo au Revo? Maana ni magari mawili tofauti kabisa kwa matatizo yake, na Vigo yenyewe kuna watoto waliozaliwa nayo saizi wapo chuo.

Tuanze na namba. 5L yako ina 2986 cc, farasi hazifiki 100, na nguvu ya kuvuta ni kama Nm 200. Revo ya 2.8 otomatiki, hizi za kuanzia 2020, ina farasi 204 na Nm 500, na injini yake ni ndogo kuliko yako, 2755 cc. Yaani injini imepungua nguvu imezidi mara mbili. Shemeji yako akiishia hapo ameshashinda kesi.

Lakini muulize mzigo. Yako ilitoka kiwandani ni gari ya tani moja. Revo nayo ni gari ya tani moja. Miaka zaidi ya ishirini, nguvu mara mbili, mzigo uleule. Imekwenda wapi nguvu yote hiyo? Imekwenda kubeba gari lenyewe. Singo kebini yako ikiwa tupu haifiki hata tani moja na nusu, Revo dabo kebini ya difu mbili ikiwa tupu imepita tani mbili. Kuna AC, eabegi, vyuma ndani ya milango, viti vinene, mabati ya kuzuia kelele, na juu ya hapo watu wanataka kukimbia 140 huku wanasikiliza redio bila kupiga kelele. Nguvu yote imeishia humo, parachichi haijaongezeka hata kreti moja. Tena imepungua, maana karai, pale nyuma unapopanga mzigo, la singo kebini lina mita mbili na ushee na la dabo kebini ni mita moja na nusu hivi, hizo nyingine wamepewa abiria. Wewe biashara yako ni kreti, sio abiria. Hili watu hawalioni mpaka siku ya kwanza anapanga mzigo anakuta nusu imebaki chini.

Ila hapo hapo nisikufiche, kwa huko kwenu turbo ni kitu cha maana sana. Makambako na Njombe mko juu, hewa nyepesi, na injini isiyo na turbo inavuta hewa kwa mapafu yake yenyewe tu, kila ukipanda mita elfu moja inapoteza kama asilimia kumi ya nguvu. Kwahiyo hizo farasi mia kasoro za kwenye karatasi ukiwa Njombe hazipo zote, ndo maana ukipanda na mzigo inatoa moshi mweusi na unarudi gia ya pili unahesabu mawe ya barabarani. Turbo inasukuma hewa kwa nguvu, huko juu haisikii sana. Hata 2KD ya 2.5 zile za mwanzo kabisa, farasi 102 tu, kwenye karatasi imeizidi yako kwa farasi chache, lakini Nm zilikuwa 260, na mlima wa Kitonga ukirudi kutoka Morogoro na mzigo utaona tofauti ambayo karatasi haikwambii.

Sasa bodi, hapa ndo kijiweni wanaponogewa. Mzee anagonga mlango wa gari ya 1992 unalia duu, anagonga wa Revo unalia paa, basi kashatoa hukumu. Bati nene sio lazima bati imara, chuma wanachotumia sasa kwenye chesisi na nguzo za kebini ni cha aina nyingine, chembamba lakini kigumu zaidi ya kile cha zamani. Halafu mbele wameitengeneza makusudi ijikunje, ikigonga inakunjika yenyewe ili wewe usikunjike. Mimi nimeshavuta gari za zamani kutoka kwenye korongo, bampa nzima kabisa, unaweza kuifunga kwenye gari nyingine kesho yake, lakini usukani ulikuwa umeingia kwa dereva. Ndo ugumu tunaoulilia huo.

Wanachosema kweli ni kwenye kutengeneza. Yako ukigonga mti leo, fundi bodi yeyote hapo Makambako mwenye nyundo na gesi kesho kutwa unaendelea na kazi. Revo bampa ni plastiki inapasuka sio kukunjika, taa moja ya mbele inakutoa jasho kwa bei, na chesisi yake ukiichoma gesi ili kuinyoosha umeshaua kile chuma, kinalainika pale pale ulipochoma na siku ya mzigo kitapinda hapo hapo. Mafundi wengi hilo hawalijui au wanalijua wanakausha. Na nyie wenye dabo kebini mnaopenda kupanga mzigo wote mwisho wa karai kwasababu karai fupi, uzito wote unakaa nyuma ya ekseli, chesisi inapinda pale nyuma ya kebini, sio kwamba gari ni kopo, ni kwamba umeifanya mizani ya sokoni.

Kitu kingine cha bodi, hizo za zamani mnazozisifia ni zile zilizobaki. Zilizokufa zilishakatwa skrepa, hazipiti barabarani zikasema mimi nilikuwa mbovu. Mimi nazikumbuka, 2L nyingi tu zimepasuka silinda hedi kwasababu ya rejeta kuziba, karai zimeoza hasa zilizokaa Tanga na Dar karibu na chumvi, belti zimekatika vali zikagonga pistoni. Ukiona 5L ina miaka 25 inatembea ujue ilipata mwenye gari anayejali, au imeshafungwa injini ya pili na mwenye gari hasemi.

Haya, injini, ndo kazi yangu hii nitakaa hapa.

Tofauti kubwa ya injini yako na za kisasa ukitoa turbo ni jinsi dizeli inavyoingia. Kwako pampu inasukuma, nozeli inafunguka kwenye presha ya kama baa 150, dizeli inamwagwa kwenye kichumba kidogo kwenye hedi, inaanza kuwaka humo ndo moto unatoka kwenda kwenye pistoni. Ni njia ya kizamani, inakula mafuta zaidi na inapoteza joto, lakini inasamehe. D-4D na Revo zina bomba moja linalojazwa dizeli kwa presha muda wote, D-4D ni baa elfu moja na mia kadhaa, GD inapita 2,000, halafu kompyuta inaamrisha nozeli ifungue na kufunga mara kadhaa ndani ya pigo moja la pistoni. Tairi lako la nyuma ukiwa na mzigo lina baa 3 na kitu, jaza mwenyewe hapo. Kwa presha hiyo dizeli inatoka kama ukungu, inaungua yote, ndo nguvu inatoka na moshi hamna na mafuta unatumia kidogo.

Lakini ili nozeli ihimili presha hiyo, vyuma vya ndani vimekaa karibu karibu kiasi kwamba unywele wa kichwa kwao ni gogo. Vumbi usiloliona, tone la maji, mafuta ya taa kidogo kwenye dizeli, inatosha. Dizeli ndo inayolainisha pampu na nozeli, hamna oili kule, na mafuta ya taa hayalainishi kitu. Pampu yako ya zamani nayo inakufa kwa mafuta ya taa usidanganyike, ila inakufa polepole na inakupa taarifa, inawaka kwa tabu, inapoteza nguvu, unaipeleka kwa fundi pampu anabadilisha vitu viwili vitatu anaipima kwenye benchi unaondoka. Ya kisasa ikipata mafuta machafu pampu inasagika, unga wa chuma unasambaa kwenye bomba zima na kwenye nozeli zote nne, huwezi kubadilisha kimoja.

Nina mteja wangu mmoja, mtu wa biashara ya mbao, alinunua Revo safi kabisa kwa mtu. Mwaka mzima raha. Siku moja kaishiwa mafuta porini huko kwenye msitu kajaza dumu kwa mtu wa pembeni ya njia. Gari ilitembea kama kilomita arobaini ikajifunga, taa ya injini ikawaka, ikawa haivuki mzunguko elfu mbili. Nozeli nne na pampu zilimtoka hela ya kununulia bodaboda mbili na chenji ndogo sana. Lile dumu ukiliweka kwenye 5L yako ungekohoa tu mpaka nyumbani. Ndo maana mimi nasema hizi gari mpya sio dhaifu, zinataka usafi, na usafi kwenye nchi hii haukai kwenye gari, unakaa kwenye sheli, kwenye filta, na kwenye mikono ya fundi.

Nikiri lakini kwamba mafuta yetu yamekuwa bora kuliko enzi zile. Unakumbuka neno kuchakachua lilivyovuma, watu wanachanganya mafuta ya taa kwenye dizeli kwasababu ya taa bei yake ilikuwa chini, mpaka EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, wakaanza kuweka alama kwenye mafuta 2010 na mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili isilipe tena kuchanganya. Kenya nao 2018 wakaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa kwa ajili hiyo hiyo. Salfa nayo ilishushwa, mwaka 2015 kiwango cha Afrika Mashariki kikawa sehemu 50 kwa milioni, zamani ilikuwa 500. Kwahiyo ukijaza kwenye sheli yenye magari mengi, mafuta yanayotoka haraka hayalali kwenye tangi la chini, Revo inaishi vizuri tu. Tatizo ni madumu, na tenki lako lenyewe ukiliacha robo usiku wa baridi wa Njombe, maji yanajitengeneza humo ndani.

D-4D zina ugonjwa wake wa pekee ambao ukienda kununua Vigo au Prado ya 3.0 ya miaka ya mwanzo lazima uujue. Chini ya kila nozeli kuna washa ya shaba, ikichoka moto wa silinda unavuja unapita pembeni ya nozeli, unaingia juu ya hedi, oili inageuka lami, lami inashuka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, inaziba chujio la oili, injini inakosa oili inajifunga. Watu wanasema "D-4D injini mbovu", hamna, washa ndogo tu bei ya soda kadhaa. Mwambie fundi afungue kifuniko cha juu, akikuta ukoko mweusi kuzunguka nozeli ashushe sampu akaangalie lile chujio, na wewe usitoe hela mpaka umeliona kwa macho. Nyingine ni ile vali ndogo kwenye pampu, SCV, ikichoka gari ikiwa imesimama inawaka, mzunguko wa injini unapanda unashuka wenyewe kama inapumua. Hiyo ni ya kubadilisha tu sio ya kuogopa.

Na ukibadilisha nozeli kwenye hizi, kila nozeli ina namba zake za utambulisho zimeandikwa juu, lazima ziingizwe kwenye kompyuta ya gari. Fundi akifunga bila mashine gari litawaka, utafurahi, halafu litatetemeka na kula mafuta mpaka uichukie.

Revo sasa. Injini ya GD wameweka cheni badala ya belti, hiyo nimeipenda, yako belti ni kila kilomita laki moja na ikikatika umekwisha, D-4D ni laki na nusu na taa inakuwakia. Ila uangalie Revo unayouziwa imetoka wapi. Zilizotengenezwa kwa ajili ya soko letu nyingi hazina lile chujio la moshi kwenye ekzosi, DPF. Za Uingereza, Australia na Japani zinalo, na hiyo ya Japani inadai mpaka maji ya urea ujaze. Hilo chujio linakamata masizi halafu linahitaji gari litembee kwa mwendo mrefu lipate joto liyachome. Wewe safari zako shambani mpaka lami kilomita nane, unazima, unarudi, halitachoma hata siku moja litaziba. Hata kwa wenzetu wenye barabara ndefu lilisumbua, Australia mahakama ya shirikisho 2022 iliamua kwamba Hilux, Prado na Fortuner za dizeli zilizouzwa kule kati ya Oktoba 2015 na Aprili 2020 zilikuwa na kasoro kwenye mfumo huo. Sasa mtu anapokuletea "Revo ya UK safi haijaguswa" lala chini ya gari uangalie ekzosi kwanza.

Panya nao nisiwasahau, unacheka, lakini wewe unahifadhi mahindi uani. Gari yako panya akila waya unaunga kwa tepu. Revo akila waya mmoja wa sensa gari inakataa kuwaka na fundi wa karibu mwenye mashine yuko wilaya ya pili.

Kuna jambo shemeji yako hakulisema na ndo lingenishawishi mimi, breki. Yako haina ABS ya kuzuia tairi lisijifunge ukikanyaga breki, haina kompyuta ya kuzuia gari lisiyumbe. Unapita Mikumi, nyani na twiga wanavuka wanavyotaka, ukikwepa ghafla na mzigo umepanda juu ya kebini wewe ni wa kuombewa tu. Isije ikakuingia kwamba za kisasa hazipinduki, Waswidi wana gazeti lao la magari linapima gari kwa kukwepa mnyama, 2007 Vigo ilinyanyua matairi, 2016 Revo nayo ikanyanyua, baadaye Toyota wakairekebisha. Pikapu ni ndefu kwenda juu, hata iwe ya mwaka huu. Ila kati ya yenye msaada na isiyo na msaada mimi najua mke wangu ningemtaka apande ipi.

Na hapa nikuulize, umeongeza springi nyuma? Najua umeongeza, kila mtu ameongeza. Chungulia chini upande wa nyuma, kuna fimbo nyembamba imetoka kwenye ekseli imeenda kwenye vali ya breki kwenye chesisi. Hiyo ndo inayoipimia gari mzigo, nyuma ikilala inafungua breki ya nyuma izidi, nyuma ikinyanyuka inaipunguza. Ukiongeza vyuma viwili vya springi gari linakaa juu muda wote, vali inadhani huna mzigo, na wewe una tani na nusu unashuka Kitonga na breki za mbele peke yake. Halafu mnasema breki za Hilux za zamani hazishiki. Ipandishwe ile fimbo kulingana na springi mpya, au ukute imekufa kutu haichezi kabisa, kazi ya saa moja hiyo.

Kabla sijakwambia ningefanya nini, nikupe ushahidi mmoja unaonipa moyo na injini za kizamani. Land Cruiser ile pikapu, 79, bado Toyota wanaiuzia Afrika ikiwa na 1HZ, lita 4.2 silinda sita haina turbo, pampu ya kawaida kama yako, injini iliyoanza 1990. Mombasa pale kwenye kiwanda cha AVA wameziunga miaka na miaka. Kampuni ileile inayotengeneza GD yenye akili zote, ikijua gari linakwenda mahali hakuna fundi wa kompyuta na mafuta yanatoka kwenye pipa, inakupa chuma cha 1990. Nayo farasi zake 130 tu kwa lita 4.2. Wanajua wanachofanya.

Kwahiyo ningekuwa wewe. Kama kazi ni hiyo ya shambani mpaka lami, nisingeiuza. Yako ukiiuza saizi inavyotoa moshi utapewa hela ya huruma, na hela hiyo hiyo ukiiongeza kidogo ukaitengeneza inarudi kazini, pampu na nozeli zipimwe benchi, belti mpya na pampu ya maji kwa pamoja, rejeta ifunguliwe isuguliwe ndani, breki na hiyo vali. Rejeta usiiruke, hizi injini haziuliwi na kazi zinauliwa na joto. Spea zake Kariakoo mpaka Makambako zipo, tatizo feki ni nyingi, filta ya dizeli feki unaijua kwa kuikata, ndani karatasi imekaa kama daftari la mtoto.

Kama safari za Morogoro zitaongezeka ziwe kila wiki, hapo tafuta Vigo singo kebini 2.5 ya gia za mkono, sio dabo, karai refu, turbo ya kukupandisha, na mafundi wameshaizoea wapo kila mji. Kagua zile washa kama nilivyosema, na ikiwa haina historia yoyote ya sevisi hesabu nozeli kwenye bei.

Revo chukua kama mkataba wa mzigo upo kwa maandishi, sheli unaijua, filta unanunua orijino, oili unamwaga kila elfu tano kwa vumbi la huko japo kitabu kinakwambia elfu kumi, na fundi mwenye mashine unamfikia siku hiyo hiyo. Nayo iwe singo. Mkopo ndo unaonitia wasiwasi zaidi kuliko gari, 5L ikisimama wiki mbili unasononeka, Revo ya mkopo ikisimama wiki mbili inasubiri nozeli, benki hawasimami. Shemeji yako mwambie aje aangalie karai la dabo kebini na kreti zako pembeni, atanyamaza mwenyewe.

Haya moshi wako. Mweupe asubuhi na baridi ya huko mwezi wa sita sio lazima injini imechoka, hicho kichumba nilichokwambia kwenye hedi kikiwa cha baridi dizeli haiwaki, inatoka nje kama mvuke mweupe unaochoma macho. Kazi ya kukipasha ni ya zile plagi nne za moto. Toa ile bati inayoziunganisha, pima moja moja kwa mita au hata kwa balbu na betri, ukikuta mbili zimekufa badilisha zote nne, na uangalie kama umeme unafika pale ukiwasha swichi maana relei yake nayo inakufa. Kama plagi nzima, na moshi unaisha baada ya dakika moja mbili lakini injini inagonga na kutetemeka, peleka nozeli benchi, moja itakuwa inachuruzika badala ya kupuliza, na fundi pampu aangalie na taimingi ya pampu kama imechelewa. Kama moshi hauishi hata gari likipata moto, na maji kwenye rejeta yanapungua bila kuona yanapovujia, zima usiende nayo popote, hiyo ni gasketi au hedi. Na kama vyote vizima, mwambie fundi apime kompresheni silinda zote nne, unitumie hizo namba nne kama zilivyo, usimwache akuambie tu "injini imechoka bosi".